Umekuta kitabu cha tano bila cha kwanza: riwaya za mbwa mwitu na vampaya za kununua Mbeya

Kwenye marundo ya vitabu vya mtumba pale soko la Mwanjelwa hakuna mpangilio. Utakuta namba tano ya riwaya fulani, na namba moja haijulikani itakuja lini, kama itakuja. Kwa hiyo orodha hii haikufuata umaarufu. Nimezipanga kwa swali moja tu: ukikuta kitabu cha katikati kimekaa peke yake, elfu nne yako itakuwa salama?

Tuko wasomaji sita tunaobadilishana vitabu, na msimu wetu hasa ni Juni na Julai, baridi ikiwa imeshuka kutoka mlima Loleza na hakuna anayetamani kutoka nje baada ya magharibi. Maoni ya humu ni ya hao sita, na hatujawahi kukubaliana wote siku moja.

Kwanza tuelewane kuhusu mbwa mwitu. Anayeishi Ruaha ana madoa na masikio ya duara, na hana ukoo wa karibu na yule wa kijivu wa Ulaya na Amerika Kaskazini ambaye watu wa riwaya hizi hugeuka kuwa yeye. Vampaya, mfu anayeamka kunyonya damu ya watu, naye nilimweleza bibi yangu kule Tukuyu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Huyo ni mumiani, mjukuu wangu. Ila wa kwenu ana meno tu. Wa kwetu alikuwa na gari.” Alikuwa akikumbuka uvumi wa enzi za mkoloni, watu walipoyakimbia magari ya zimamoto wakiamini yanakusanya damu.

Namba moja kwetu ni Mercy Thompson, mfululizo wa Patricia Briggs ulioanza mwaka 2006 na Moon Called. Mercy ni fundi magari katika jimbo la Washington, ana gereji yake, na hugeuka koyoti, mnyama mdogo kuliko mbwa mwitu. Amelelewa na mbwa mwitu, jirani yake ni kiongozi wa kundi lao, na rafiki yake mmoja ni vampaya anayeendesha Kombi iliyopakwa rangi kama gari la katuni ya Scooby-Doo. Kaka yetu wa gereji huwa hasomi riwaya. Lakini cha Mercy alikisoma kwa siku tatu, akasema mwandishi anajua gereji inavyonuka. Kinachonifanya nimweke juu ni kwamba kila kitabu kina kesi yake inayoanza na kuisha humohumo, na mambo ya nyuma hukumbushwa kwa ufupi bila kukuchosha. Mimi nilianza na cha pili, Blood Bound, na sikupotea.

Tahadhari iko kwenye cha tatu, Iron Kissed. Karibu na mwisho Mercy anabakwa. Dada wa duka la dawa alikiweka chini wiki mbili, na mwenzetu mwingine mpaka leo anasema hakupaswa kukutana na jambo hilo bila kuambiwa. Ndiyo maana nakuambia. Kinachofuata, Bone Crossed, hakijifanyi kwamba halikutokea, na kwa hilo Briggs alipata heshima yetu. Ukinunua cha tatu, nunua na cha nne.

Namba mbili ni Sookie Stackhouse wa Charlaine Harris, vitabu 13 kuanzia 2001 hadi 2013, ndivyo vilivyozaa tamthilia ya True Blood. Sookie ni mhudumu wa baa katika mji mdogo wa Louisiana, anasikia mawazo ya watu, na vampaya wamejitokeza hadharani baada ya Wajapani kutengeneza damu ya maabara. Ni vyepesi na vya kuchekesha, na kila kimoja kina fumbo lake. Vinafaa sana safari ya basi kwenda Dar. Mambo ya chumbani yapo, usimwachie mtoto wa darasa la saba. Kuhusu kitabu cha mwisho, mwanafunzi wetu wa Iyunga bado ana hasira na mwanaume aliyebaki na Sookie, na wasomaji wengi wa huko Marekani walikasirika vilevile. Acha hicho kwanza.

Tatu, Dresden Files wa Jim Butcher. Mchawi wa Chicago anayejitangaza kwenye kitabu cha simu. Cha kwanza, Storm Front, kilitoka 2000, na cha pili, Fool Moon, ndicho cha mbwa mwitu, tena wa aina kadhaa. Tatizo ni kwamba hivyo viwili ndivyo dhaifu kuliko vyote, na ndivyo watu hununua na kukata tamaa. Ukikuta cha tatu, Grave Peril, chenye vampaya, anzia hapo. Kaka fundi hamwezi Dresden; anasema anawatazama wanawake kama mtu aliyekaa kijiweni. Hajakosea.

Kate Daniels wa Ilona Andrews ningemweka juu ya wote kwa utamu, lakini kwa kipimo chetu anashuka hadi nne, kwa sababu hadithi yake inajengwa kama ngazi. Uko Atlanta, uchawi unakuja na kuondoka kwa mawimbi, na ukija, umeme na injini vinazima. Msomaji wa Mbeya haelezwi hilo mara mbili. Vampaya wa humo hawana akili, wanaendeshwa na watu kama gari. Kiongozi wa wanaojigeuza wanyama ni simba, na mwalimu wetu mzaliwa wa Njombe alipofika hapo alisimama kutusimulia simba waliokula watu kwao, waliowindwa na bwana nyama George Rushby miaka ya 1940, ambao wazee walisema wametumwa na mganga. Tulimaliza chai yote. Nunua Magic Bites, cha mwaka 2007, kisha fuata mpangilio, na vumilia hadi cha tatu.

Kitty Norville wa Carrie Vaughn, mtangazaji wa redio wa usiku mjini Denver ambaye ni mbwa mwitu: ukimkuta mchukue, anachekesha. Bitten wa Kelley Armstrong pia.

Twilight, mapenzi ya msichana na vampaya, iko mwisho. Siyo kwa ubaya. Mwanafunzi wetu aliisoma mara nne. Ila ni hadithi moja iliyokatwa vipande vinne, na cha tatu pekee ni sawa na kuingia harusini wakati wa kukata keki. Tena imejaa kila rundo, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi ya elfu mbili.

Kabla hujatoa hela, fungua kurasa za mwisho. Niliwahi kufika nyumbani na riwaya isiyo na sura mbili za mwisho, na muuzaji akasema aliuza jalada. Angalia pia ukurasa wa mbele wenye orodha ya vitabu vya mwandishi, mara nyingi utaona mpangilio hapo. Na usidanganyike na majalada: toleo la Uingereza na la Marekani huweza kutofautiana kabisa ilhali ndani ni kitabu kilekile. Ndivyo nilivyojikuta na Blood Bound mbili. Mwenye Bone Crossed ya ziada tubadilishane, chai juu yangu.