Daftari la hasira: zuri, ila lina safu moja pungufu

Madaftari ya kufuatilia hasira, yale yenye jedwali la safu nne (tukio, wazo, hisia, nilichofanya), humsaidia sana anayefokea watu ovyo. Lakini kwa hasira inayozaliwa na hatia yana pengo: huanza kuhesabu pale ulipokasirika. Mtu hajampigia mama yake mgonjwa siku tatu. Jioni mdogo wake anauliza tu, "Mama anaendeleaje?" Anafoka, "Kwani wewe simu huna?" Jedwali litaandika swali la mdogo mtu kuwa ndilo chanzo. Chanzo ni zile siku tatu.

Chora safu ya tano, kushoto kabisa: "Nadaiwa nini, na nani?" Ijaze kwanza. Andika tendo, usijihukumu. "Sikupiga simu" hurekebishika. "Mimi mtoto mbaya" ni aibu, na aibu ndiyo hutafuta wa kulaumiwa. Utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani June Tangney na wenzake, uliochapishwa 1992, ulikuta wepesi wa kuona aibu ukiambatana na hasira na kuwalaumu wengine, tofauti na hatia isiyochanganyika na aibu.

Kipimo cha ukali wa hasira cha 1 hadi 10, kilichomo pia kwenye madaftari haya, hakina kazi kubwa hapa. Kinachokera ni nafasi ya kuandika utakavyorekebisha kosa: mstari mmoja, wakati inahitajika mitatu, yaani nitafanya nini, kwa nani, lini. Na usijaze ukiwa bado unatetemeka. Ukurasa wote utageuka hati ya mashtaka dhidi ya yule uliyemfokea.