Feni ya dari au AC: joto la Dar likianza

Kila Desemba, upepo wa kaskazi ukishaingia, swali ni lile lile: nitengeneze feni au nifunge AC?

Kwa umeme feni haina mpinzani. Hula wati 50 hadi 80 hivi, wakati AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza) hupita wati 1,000 kompresa ikiwaka. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, itakuonyesha kabla wiki haijaisha. Lakini feni haipoozi hewa, inaisukuma tu. Chini ya bati lililopigwa jua mchana kutwa, inakupulizia joto lile lile. Hapo AC inashinda.

Matunzo ndiyo watu wanayoyasahau, na inaniuma. Feni ikianza kuzunguka kichovu, mara nyingi ni kapasita, kidude cha bei ndogo ambacho fundi hubadilisha upesi. AC inataka chujio lioshwe kila baada ya wiki chache, na ukikaa Kigamboni au Msasani, chumvi ya bahari inakula kile kifaa cha nje. Changu nilikifungua baada ya miaka mitatu: mapezi ya alumini yakavunjikia vidoleni kama majani makavu. Cha sasa nakisuuza kwa maji safi kila mwezi, nikiwa nimezima umeme kwanza.

Umeme ukikatika, hata inveta ndogo ya betri inatosha kuendesha feni.

Nyumba yenye madirisha mapana yanayopokea upepo, tengeneza feni ulale. Ukiwa na mzee au mtoto mchanga kwenye chumba kisichopitisha hewa, funga AC kwenye hicho kimoja, sebuleni bakiza feni.