Nimezunguka viwanda vya bourbon Kentucky nikisaka chupa mpya: uzoefu wangu

Kila mwaka ikikaribia Septemba, msimu wa matoleo mapya ya bourbon, simu yangu haitulii. Jamaa zangu wapenda wiski, walioko Dar, Nairobi na Houston, wanajua naishi Louisville, jimboni Kentucky, na swali lao ni moja tu: mzigo mpya umeshuka? Oktoba 2025 niliona nisiendelee kujibu kwa kubahatisha, nikazunguka mwenyewe. Tulikwenda watatu kwa siku tatu: mimi, mke wangu ambaye hagusi pombe na ndiye aliyeshika usukani safari nzima, na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu anayeishi Lexington. Nayaandika haya kwa mtu anayepanga safari kama yetu, ayasome kabla hajakata tiketi.

Kwa asiyejua, bourbon si jina la kampuni. Ni wiski ya Marekani ambayo kwa sheria angalau asilimia 51 ya nafaka yake lazima iwe mahindi, na lazima ilazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani. Pipa likishalaza bourbon mara moja halirudiwi kwa kazi hiyo. Mengi huuzwa Scotland, wakalaza wiski yao humo. Jimbo lolote linaweza kuitengeneza, lakini Kentucky ndiko nyumbani kwake. Mapipa yaliyolala kwenye maghala ya jimbo hili ni mengi kuliko watu wake.

Tulianzia Buffalo Trace, mjini Frankfort, mwendo wa saa moja kutoka Louisville. Ziara ya kawaida pale ni bure, ila uweke nafasi mapema mtandaoni. Ni majengo ya matofali mekundu kando ya Mto Kentucky, na mto huo si jirani mpole: Aprili 2025 ulifurika hadi ukaingia kiwandani, kazi ikasimama. Oktoba tulipofika pamesafishwa, wageni wamejaa. Kiwanda hiki kiliendelea kufanya kazi hata miaka ya 1920 hadi 1933, pombe ilipopigwa marufuku Marekani nzima, kwa kuwa kilikuwa na leseni ya wiski ya dawa, ile iliyouzwa kwa cheti cha daktari. Na ni hapa mwaka 1984 Elmer T. Lee, mpishi mkuu wa wiski wa kiwanda, alipoanzisha Blanton's, bourbon ya kwanza kuuzwa kibiashara ikiwa imetoka kwenye pipa moja moja bila kuchanganywa na mapipa mengine. Mpaka leo watu wanakusanya vizibo vyake vya farasi na mpanda farasi. Viko vya aina nane, kila kimoja na herufi au alama yake, na ukivipanga vinaandika jina lenyewe.

Ndani ya ghala niliduwaa. Kuna giza, kuna ubaridi wa mbao, na harufu ya vanila na sukari iliyoungua imetanda kila kona. Kila mwaka sehemu ya wiski hupenya kwenye mbao ikapotea hewani; wenyewe huiita fungu la malaika. Mvuke huo hulisha kuvu mweusi anayeota kwenye kuta na hata kwenye miti ya jirani. Mke wangu alipoziona kuta zile alidhani pamewahi kuungua.

Sasa duka lao, maana hapo ndipo penye joto la wasakaji. Kila siku wanatoa chupa mojawapo ya zile adimu, na huijui mpaka siku yenyewe. Inaweza kuwa Blanton's, Eagle Rare, E.H. Taylor au Weller. Kitambulisho chako kinasomwa kwa mashine, na ukinunua aina fulani leo, hiyo hiyo huuziwi tena mpaka zipite siku 90. Sisi tulipata Eagle Rare kwa bei ya kiwandani, tukaridhika. Mchana huo huo tuliingia duka moja la njiani, tukaikuta chupa ile ile kwa zaidi ya mara mbili ya bei tuliyolipa. Rafiki yangu aliirudisha rafuni akasema, "Shemeji, washa gari twende."

Siku ya pili ndiyo iliyoniumiza. Kulikuwa na kiwanda, jina naliacha, ambacho kilitangaza kwamba kitatoa toleo jipya asubuhi hiyo. Tuliamka usiku wa manane, tukafika saa kumi na moja alfajiri na kukuta watu wamekwisha kujipanga na viti vyao vya kukunja na mablanketi. Foleni yenyewe ilikuwa na raha yake. Mzee mmoja wa Ohio alitumiminia kahawa, akatusimulia chupa alizozikosa tangu aanze kusaka, na kila aliyefika alisalimia kama tumetoka kijiji kimoja. Milango ikafunguliwa saa tatu. Zilikuwepo chupa 60. Zikaisha zikiwa zimebaki hatua nne kufika kwetu, na nyuma yetu kulikuwa bado na watu zaidi ya mia. Idadi ile waliijua tangu jana yake. Mfanyakazi mmoja tu angetoka saa kumi na mbili akahesabu vichwa, akagawa namba, watu wangerudi kwenye magari yao wakalala, na yule mzee asingekaa kwenye baridi muda wa saa nne kwa kitu ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo. "Kaka, wangetuambia tu," rafiki yangu alisema. Sikuwa na la kuongeza.

Tukaenda Lawrenceburg, Four Roses, bila matumaini ya chupa yoyote, na hapo ndipo safari yangu ilipopata maana. Jengo lao ni la mwaka 1910 au hapo karibu, kuta za rangi ya manjano kwa mtindo wa makanisa ya Kihispania, na mtu hategemei kuliona katikati ya mashamba ya Kentucky. Lakini kilichonipeleka ni upishi wao. Viwanda vingi hutumia aina moja ya hamira. Hawa wana tano, na wana mipangilio miwili ya nafaka: mmoja una asilimia 75 ya mahindi na 20 ya rai (nafaka inayofanana na ngano), mwingine asilimia 60 ya mahindi na 35 ya rai, na kote asilimia 5 ya shayiri iliyoota. Mbili mara tano, unapata wiski kumi tofauti kutoka paa moja. Kila moja ina jina la herufi nne. Herufi ya pili inakuambia nafaka, ya nne inakuambia hamira. OBSV ni ile ya rai nyingi yenye harufu nyororo ya matunda. OESK ni ya rai kidogo, na ulimini inaacha kitu kama mdalasini. Tuliwekewa glasi kadhaa mezani. Nilipoonja mbili za nafaka ile ile, umri karibu sawa, zikitofautiana hamira tu, nilinyamaza muda mrefu.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu kule Moshi. Kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, alikuwa akiloweka ulezi, anauacha uchipue, anauanika juani, ndipo anausaga. Hiyo ni kimea, na hakukubali mtu mwingine aiguse. Ile shayiri ya asilimia 5 kazi yake ni hiyo hiyo: bila kimea wanga wa mahindi haugeuki sukari, na bila sukari hamira haina cha kula. Mwongozaji alipofika hapo nilimweleza habari za ulezi, akaniuliza maswali mengi mpaka wageni wengine wakasogea kusikiliza. Harufu ya matangi yao ni ya togwa iliyokaa siku moja zaidi. Ningefumba macho ningesema niko Kibosho, kule kule Moshi.

Kuna jambo jingine la kiwanda hiki linalonigusa. Kwa miongo mingi bourbon yao ya kweli iliuzwa Ulaya na Japani, huku Wamarekani wakiuziwa mchanganyiko hafifu wenye jina lile lile. Kirin ya Japani ilipokinunua mwaka 2002 ndipo bourbon yenyewe iliporudishwa kwao. Toleo lao maalumu la kila mwaka hutoka Septemba, na wengi hulipata kwa bahati nasibu ya mtandaoni. Nilijiandikisha, jina langu halikutoka. Dukani nilichukua chupa ya pipa moja, ya kawaida tu, na ndiyo ninayoinywa mpaka leo.

Siku ya tatu ilikuwa Maker's Mark, Loretto, barabara nyembamba zenye kona na mashamba pande zote. Wao hawatumii rai, wanatumia ngano, ndiyo maana wiski yao haichomi sana. Kwa mtu anayeanza ningeanzia hapo. Ukinunua chupa unavalishwa aproni na miwani, unaichovya mwenyewe kwenye nta nyekundu. Mke wangu aliichovya ya kwangu, na huo ndio wakati alioupenda kuliko yote. Kipya chao cha mwaka 2025 ni Star Hill Farm, wiski ya ngano isiyo na mahindi kabisa, kwa hiyo si bourbon. Niliionja. Inanukia mkate mbichi na asali, inapita laini, na kwangu mimi inastahili kusifiwa kuliko matoleo mengi yanayobadilishwa lebo tu.

Bardstown tulipita haraka. Heaven Hill wako hapo, ambao Novemba 1996 moto uliwateketezea kiwanda na maghala 7, mapipa takriban 90,000, na wakasimama tena. Matoleo maalumu ya bourbon yao ya Old Fitzgerald hutoka masika na vuli, kwa hiyo anayeyafuata apange safari kwa majira hayo.

Machache ya kujua. Kuonja na kununua lazima uwe umefikisha miaka 21. Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu ulimi hautambui kitu. Awepo dereva asiyekunywa, hilo msilijadili. Kiangazi baadhi ya viwanda huzima mitambo kwa matengenezo, utaona majengo lakini hutaona upishi.

Na kwa wanaoniuliza kama bado inafaa kuamka usiku: naona rafu za maduka ya Louisville sasa zina chupa ambazo miaka mitatu nyuma zilifichwa chini ya kaunta. Mauzo yamepungua, Machi 2025 majimbo kadhaa ya Kanada yaliondoa pombe ya Marekani madukani, na Desemba Jim Beam walitangaza kusimamisha upishi kwenye kiwanda chao kikuu cha Clermont kwa mwaka 2026. Nawahurumia wanaofanya kazi humo. Kwa mnunuzi, subira inaanza kulipa, na ziara zenyewe sasa zina nafasi.

Rafiki yangu ameshaniambia niweke nafasi ya Septemba. Four Roses nitajiandikisha tena, na safari hii tumekubaliana kila mtu ajiandikishe kwa jina lake, shemeji naye.