Nimempeleka mwanangu kupimwa usikivu Dar: nyota 4, ya 5 nimewabania

Naanza na hela manake najua ndo mnachotaka kusikia kwanza. Laki mbili na themanini kipimo kizima, bima yangu ikakubali ile sehemu ya mwanzo tu, nyingine nikatoa mfukoni. Jina la kliniki sitaji sababu kuna mambo ntawasema, ila ni hapa hapa Dar, ghorofa ya tatu na lifti mbovu.

Mtoto ana miaka 8, yuko la tatu, shule ya serikali, darasani wako 90 na kitu. Tangu la kwanza mwalimu analalamika, mara hasikilizi, mara yuko dunia yake, mara anageukageuka kuwauliza wenzake tumeambiwaje. Bibi yake alishafunga kesi zamani, sikio la kufa hilo, mwacheni. Mwaka jana nikampeleka kwa daktari mmoja akamwangalia kama dakika 15, akaniuliza huwa anatulia? nikasema mmh, akaandika ADHD, yani ile shida ya mtoto kukosa umakini na kutotulia, tukatoka. Mi nikakaa na kile kikaratasi miezi.

Kilichokuwa kinanisumbua ni mambo ya nyumbani. Huyu mtoto ukimpa waya na vifuniko vya soda anakaa saa mbili anaunda gari (najua, na wenye ADHD wakipenda kitu wanazama, kwa hiyo hilo pekee halitoshi). Lakini ukimwandikia vitu vitatu vya dukani analeta vyote vitatu, ukimwagiza kwa mdomo huku tivii inaongea analeta kimoja tena sicho. Namwambia chukua kisu, ananijibu kitu gani mama? Siku nzima ni eh? eti? nini? Halafu umeme ukikatika usiku, feni imezima, jirani kazima redio, tunapiga stori mimi na yeye mpaka anasinzia na wala haulizi eti hata mara moja. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, mbona utundu wenyewe unafuata makelele?

Haya, kliniki. Kwenye simu waliniuliza kwanza umri, wakasema chini ya miaka 7 hawafanyi vile vipimo virefu sababu majibu yanayumba sana. Nikawapenda hapo hapo. Siku yenyewe appointimenti saa tatu asubuhi, tumeingia saa tano, na muda wote huo tivii ya mapokezi iko juu kabisa, jamani, kliniki ya masikio! Mtoto kaitwa jina mara mbili hajasikia, dada wa mapokezi akanitazama kwa lile jicho, mnalijua nyie mama wenzangu.

Ndani sasa mambo yakabadilika. Mtaalamu ni binti mdogo tu ila kazi anaijua, akaanza kuongea na mtoto, baba hujambo, unapenda mpira wa timu gani, ndo akaja kwangu. Akamchungulia masikio, akaweka kale kadude kanakosukuma hewa kuangalia kama kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio. Hamna. Akamuingiza kwenye kichumba kisichopitisha sauti, hedfoni, ukisikia mlio bonyeza, masikio yote anasikia chini ya desibeli 20, yani safi. Nikajua tumemaliza, nikashika pochi. Akaniambia subiri mama, hapo tumepima sikio, bado hatujaona ubongo unafanyaje na hicho kilichoingia.

Ikafuata saa nzima na zaidi, na mapumziko ya juisi katikati. Anapewa namba tofauti kila sikio kwa wakati mmoja azitaje zote. Milio mitatu, aseme ipi juu ipi chini. Maneno katikati ya makelele ya watu. Yule mtaalamu alinielezea anachokitafuta, kwamba mtoto ambaye shida yake ni umakini mara nyingi anaharibu huku na huku bila mpangilio, anaanza vizuri anachoka, ukimrudisha kwenye njia anapata tena, na hata kazi ya kimya ya macho inamshinda. Mwenye shida ya kuchakata sauti (sikio linasikia ila ubongo unashindwa kuipambanua) anaangukia pale pale kila ukirudia. Wangu kaangukia sikio la kushoto kwenye zile namba, na kwenye makelele ndo balaa.

Sasa nyota niliyokata. Yale maneno yamerekodiwa Kiingereza, tena cha Marekani cha puani. Mtoto wa Kiswahili, la tatu, utajuaje kashindwa kusikia au kashindwa Kiingereza? Nikauliza, na kumpa haki yake hakununa, alikiri kabisa, ndo maana anategemea zaidi ile milio isiyo na lugha, kisha akamsomea mwenyewe maneno ya Kiswahili na makelele nyuma, akaandika kwenye ripoti kuwa hiyo sio kipimo rasmi. Alipata afadhali ila bado chini. Mi nasema laki mbili na themanini inatosha watu kukaa chini warekodi maneno ya Kiswahili.

Ripoti inasema kuna dalili za shida ya kuchakata sauti, na haikuifuta ADHD. Akanambia yeye hana mamlaka hayo, vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, na ADHD haitoki kwa dakika 15, kwa mtoto inatakiwa angalau dalili 6 kati ya 9, zidumu miezi 6, zianze kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, sio shuleni peke yake. Kanipa fomu mbili za kupeleka kwa mwanasaikolojia, moja yangu moja ya mwalimu.

Kwa sasa mwalimu kamtoa dirishani upande wa barabara kamkalisha mbele, maagizo anampa moja moja huku anamtazama, na madaftari yameanza kurudi na vema. Mvua ikipiga bati hapo hata mimi nisingesikia kitu. Fomu yangu nimejaza usiku ule ule. Ya mwalimu wiki ya pili hii, bado iko kwenye droo yake.