Kings of War mezani Malindi: sheria ya washirika

Sheria za toleo la tatu la Kings of War, mchezo wa vita wa vijisanamu kutoka kampuni ya Mantic ya Uingereza, huruhusu washirika, yaani vikosi vya kuazima kutoka jeshi la aina nyingine, wasiozidi robo ya pointi za jeshi, ambazo ndizo kipimo cha thamani ya vikosi. Majeshi mema hayaungani na maovu, ilhali yasiyoegemea popote huungana na upande wowote. Katika pambano la pointi 2,000 robo hiyo ni 500, zinazotosha kikosi cha maana pamoja na shujaa wake, bali kwa pointi 1,000 hubaki 250, na mshirika huwa pambo tu. Sisi wa Malindi, tunaochezea meza ya kulia chakula na kuzima feni ili karatasi za vikosi zisipeperuke, huvutiwa na mchezo mdogo. Hata hivyo, mwenye hamu ya kuchanganya majeshi namshauri acheze 2,000.