Pleti na bawa la kuzamia: ununue lipi kwa maji ya kwetu, na ulitunze vipi lidumu

Wakuu, kila kaskazi ikikaribia kuna swali linarudi kwa vijana wanaopiga kazi kwenye daivu senta (vituo vya kuzamia) za Nungwi, Mafia, Diani na Watamu: nimeshaweka hela, nimechoka kuvaa jaketi ya kuelea ya ofisi inayovuja, ninunue pleti na bawa gani? Jibu langu kwa ufupi, kwa bahari yetu wengi wananunua bawa kubwa kupita wanachohitaji, alafu hawalioshi ndani, linakufa mapema na wanasema kampuni ni mbovu.

Kwa asiyejua, huu mfumo ni vitu vitatu tu. Pleti ngumu inayokaa mgongoni, mkanda mmoja mrefu wa upana wa sentimita 5 unaopita kwenye matundu ya hiyo pleti na kukushika mabega na kiuno (na mwingine unapita katikati ya miguu kuzuia vitu visipande shingoni), alafu bawa lenyewe, yaani mfuko wa hewa wa kukusaidia kuelea, unaobanwa kati ya pleti na tanki. Hewa yote inakaa mgongoni, kifuani hakuna kinachokubana. Walioanzisha ni wazamiaji wa mapango ya Florida kule Marekani, waliokuwa wanabeba matanki mawili mawili na vifaa vya wakati ule haviwatoshi, na mpaka leo ule mkanda mmoja usiokatwakatwa unaitwa hanesi ya Hogarth, kutokana na mmoja wao, William Hogarth Main. Kampuni mbili kubwa bado ziko hukohuko Florida, Halcyon na Dive Rite, na Ulaya kuna xDeep ya Poland. Kizuri ni kwamba matundu mawili ya bolti yameachana inchi 11, kama sentimita 28, karibu kwa kampuni zote, kwahiyo unaweza kuchukua pleti ya huyu na bawa la yule na vikakaa vizuri kabisa.

Sasa hesabu, maana hapa ndo hela inaokolewa. Tanki la senta nyingi za pwani ni lile la alumini la lita 11. Likijaa presha ya baa 200, hewa iliyomo peke yake ina uzito wa karibu kilo 2.7, watu wanasahau kabisa kwamba hewa ina uzito, na ikiisha hilo tanki linakuwa jepesi mpaka linataka kupanda lenyewe kwa kama kilo 2. Ndo maana mwisho wa daivu unaona wageni wanaelea miguu juu huku umewashika finzi (mapezi ya miguuni). Wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) ya milimita 3 nayo inakuinua kama kilo 2 hivi ukiwa juu, ukishuka mita 20 inabanwa na sehemu kubwa ya hiyo nguvu inapotea. Kwahiyo mtu aliyejipima uzito vizuri, hata chini kabisa mwanzoni mwa daivu, anakuwa mzito kwa kilo 4 mpaka 5. Hizo ndo kilo ambazo bawa linatakiwa kuzibeba, pamoja na akiba ya kukuweka kichwa nje ukisubiri boti wakati kusi inavuma na mawimbi yanakupiga usoni. Bawa la kilo 13, yaani linaloweza kuinua kilo 13, linafanya hiyo kazi na linabakiza. Ya kilo 20 na kuendelea ni ya matanki mawili, na ndugu zetu wa Ulaya wanaozamia na draisuti (suti isiyoingiza maji) kwenye bahari za baridi wakichukua la kilo 18 nawaelewa, lakini wewe wa Mnemba na tanki moja la alumini utakuwa unaburuta kitambaa kisicho na kazi. Kitambaa kilichozidi kinajikunja kuzunguka tanki, kinaficha hewa kwenye mikunjo ambayo huwezi kuitoa unapoitaka itoke, na mkondo ukiwa mkali unausikia mgongoni. Waliozamia Kinasi Pass kule Mafia wakati wa bamvu wanajua maji yanavyovuta pale.

Basi nipange kwa namba, kuanzia ninachoona kinafaa zaidi.

Namba moja ni pleti ya stenlesi ya milimita 3 na bawa la duara la kilo 13 hadi 15. Kwa anayefanya kazi ya kuzamia kila siku sioni cha kuishinda. Pleti ina kama kilo 2.7, maana yake ule uzito wa risasi uliokuwa unaufunga kiunoni ili uzame unahamia mgongoni, juu ya mapafu ambapo ndo kunapotaka kuelea, kwahiyo mwili unalala sawa wenyewe bila kupigana nao na kiuno kinapumzika. Wengi wenye wetisuti ya milimita 3 watabaki na kilo moja au mbili za kuongeza, wengine hawatahitaji kitu. Haivunjiki, haina cha kuvunjika. Lakini sikiliza hapa kwa makini: kama wewe ni mwembamba na unazamia na rashi (fulana nyepesi ya majini) tu bila wetisuti, au senta yako inatumia matanki ya chuma, pleti ya stenlesi inaweza kukufanya mzito kupita kiasi na huo uzito huwezi kuutupa, umefungwa mwilini. Jaribu kabla hujanunua, azima ya mwenzako. Mwisho wa daivu, baa 50, mita 5, toa hewa yote kwenye bawa: unatakiwa ubaki palepale bila kuzama wala kupanda. Na mwanzo wa daivu, tanki likiwa limejaa na bawa tupu, uweze kupanda kwa finzi peke yake. Ukishindwa huo mtihani wa pili hiyo pleti sio yako hata ukipewa bure. Angalia na urefu, kuna pleti fupi kwa watu wafupi, ndefu itakugonga kiunoni kila ukikaa kwenye ukingo wa boti.

Namba mbili ni bawa lilelile kwenye pleti ya alumini, isiyofika kilo moja. Hii ndo ya mtu anayehamahama, maana ndege ndogo za kwenda Mafia au Pemba mara nyingi zinakuruhusu kilo 15 jumla, na ukishaweka regileta (kifaa cha kupumulia), finzi na kompyuta umemaliza. Ndo hiyohiyo ya wanaozamia na rashi. Hasara yake, zile karibu kilo 2 ulizookoa uwanja wa ndege utazirudisha kwa risasi kiunoni ukifika, na alumini ikikaa imeshikana na bolti za stenlesi na maji ya chumvi inaanza kuliwa pembeni ya tundu, unaona unga mweupe. Weka washa za plastiki, na fungua bolti mara kwa mara usiziache miezi zikagandiana.

Namba tatu, hizi seti nyepesi za safari ambazo pleti ni ya kitambaa kigumu au ni nyembamba sana. Kwa ndugu anayeishi Muscat au London na anakuja nyumbani Desemba kuzamia wiki mbili, ni nzuri, unaikunja inaingia kwenye begi la mkononi. Kwa kazi ya kila siku hapana, kitambaa kinapinda, tanki linayumba huku na huku hasa ukiingia majini kwa kinyumenyume, na mishono inaanza kuachia.

Namba nne, hanesi za kifahari zenye sponji mabegani na vifungio vya plastiki vya kubonyeza. Najua dukani zinavutia ukivaa, lakini ukiwa chini ya maji mabega hayabebi kitu, hiyo sponji inanyonya maji na kuelea, unaongeza risasi ili kuizamisha sponji uliyoinunua kwa hela. Plastiki nayo ikikanyagwa na tanki kwenye boti imekwisha, na spea ya kifungio hicho utaagiza nje. Mwenye bega bovu lisiloinuka vizuri namwelewa, kwake hivyo vifungio vina maana.

Ambayo sikushauri kabisa ni mabawa yenye mipira ya kuvuta iliyozungushiwa nje. Ile mipira inafanya hewa isambae vibaya na bawa likipata tundu inasukuma hewa itoke haraka zaidi, hujakaa sawa bawa limeshakuwa tupu.

Kuhusu umbo, nimesema la duara kwa sababu hewa inazunguka chini na kutoka upande wowote ulio juu. Lile la umbo la U hewa inaweza kubaki upande mmoja, mpaka ujiviringe ndo ivuke. Linafanya kazi, watu wamezamia nalo miaka na miaka, ila ukiwa na mgeni aliyeshika mkono wako wa kulia unataka hewa itoke bila mazoezi ya viungo. Alafu kuna ya ngozi moja na ya ngozi mbili, yaani yenye blada ndani na kitambaa kigumu nje. Ya ngozi moja ni nyepesi na inakauka haraka. Lakini boti zetu nyingi ni za mbao, kuna misumari inachungulia, matanki yanarushwa, mwamba nao upo, kwahiyo mfanyakazi achukue ngozi mbili. Blada ikitoboka unatoa kwa zipu unaiziba, au unanunua blada peke yake.

Vitu vidogo vya kukagua: mikanda ya tanki iwe miwili na vifungio vya stenlesi, hozi ya inflata (kile kifaa chenye vitufe vya kuingiza na kutoa hewa kwenye bawa) isizidi sentimita 40 maana ndefu inaburuta kwenye matumbawe, na inflata yenyewe iwe ya kawaida, sio ile iliyounganishwa na regileta ya akiba, ili hozi ikifa siku ya kazi uazime ya yeyote kwenye boti. Seti kamili mpya ya kampuni inayojulikana ni hela nyingi, kwahiyo usifanye haraka.

Sasa matunzo. Kuliloweka bawa kwenye pipa la kuoshea vifaa ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Kila daivu maji ya bahari yanaingia ndani kupitia inflata na valvu, unayasikia yakigonga ukilitikisa. Yakikauka yanaacha chembe za chumvi zenye ncha, na bawa linapokunjwa hizo chembe zinasugua blada kutoka ndani. Tundu za namna hii ndo zile ndogondogo zisizoonekana, na watu wanatafuta nje kitu kilicholichoma hawakioni.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha kupuliza kwa mdomo, jaza maji baridi (yasiyo na chumvi) kwa bomba mpaka kama robo ya bawa, puliza lijae, litikise kila upande, kisha lining'inize kichwa chini utoe maji yote kupitia mdomo wa inflata, ili na inflata nayo ioshwe. Rudia, mara hii utoe kupitia valvu ya chini, ile ya kutolea hewa. Onja tone la mwisho, likiwa bado na chumvi rudia tena. Na hapa kuna jambo la kwetu: visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvi, sasa ukiosha kwa hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Weka maji ya mvua au lita mbili za maji ya kunywa kwa suuza ya mwisho. Likauke kivulini, sio juu ya paa la boti, jua linakausha kitambaa na kupausha mishono. Hifadhi likiwa na hewa kidogo ndani ili kuta za blada zisigandane.

Inflata ndo kitu cha kuogopa zaidi. Chumvi na mchanga vikijaa nyuma ya kitufe kinakwama kikiwa kimebonyea, hewa inaingia bila kuiita na unapandishwa. Kila mtu ajizoeze kuchomoa ile hozi ya presha kwa mkono mmoja huku anatoa hewa kwa mwingine, mpaka iwe mazoea. Bonyeza vitufe mara nyingi ndani ya maji baridi ukiosha, na mara moja kwa mwaka kifunguliwe na fundi abadilishe oringi na kupaka grisi ya silikoni. Usipige mafuta ya mashine, usipige ya kupikia.

Valvu ya chini ikivuja povu dogodogo, usikimbilie kununua nyingine. Ifungue kwa mkono, mara nyingi ni punje moja ya mchanga imekaa chini ya kile kifuniko cha mpira. Futa, rudisha springi ilivyokuwa, funga kwa kiasi.

Na tundu la blada usilipeleke kwa fundi baiskeli. Solusheni na kiraka cha tyubu ni vya mpira, blada nyingi ni yuretheni, kinashika kwa siku mbili kinabanduka. Tafuta gundi ya yuretheni ile ya kuzibia wetisuti, safisha kwa spiriti, paka, acha mpaka kesho yake. Fundi viatu anaweza kukushonea kitambaa cha nje vizuri tu, ila toa blada kwanza.

Mwenye hela ndogo anunue la mtumba, sio vibaya, pleti ya stenlesi ya zamani ni sawa na mpya. Bawa ndo ulikague. Lijaze mpaka valvu ijifungue yenyewe, liache usiku kucha, asubuhi libonyeze. Nusa mdomo wa inflata. Vuta kebo ya hozi, pindua mkanda uangalie pale unapopita kwenye pleti, ndo unapokatika. Mkanda ukiwa umelika sio tatizo, unabadilishwa kwa bei ndogo. Bawa likiwa limelegea asubuhi, muuzaji atoe blada muone wote kwenye maji ya sabuni kabla hamjaongea bei.