Matone ya macho ya Yuxingcao: niliyatumia Guangzhou, haya ndo maoni yangu

Nilikuwa Guangzhou, China, kufuata mzigo, nimefikia mtaa wa Xiaobei, siku ya tatu naamka jicho la kushoto halifunguki, kope zimegandana kwa tongotongo na ndani kunakwaruza kama nimetiwa mchanga, kesho yake la kulia nalo likafuata. Nikaenda famasi ya jirani, dada wa kaunta akaniangalia tu usoni akanipa kichupa cha Yuxingcao, yuan ishirini na kitu.

Yuxingcao maana yake ni majani yanayonuka samaki, na kweli ukiyafikicha mabichi yanatoa shombo. Watu wa majimbo ya Guizhou na Sichuan kulekule China mizizi yake wanaila kama kachumbari na pilipili. Matone yenyewe hayachomi, yakiingia unasikia ubaridi na ule mkwaruzo unatulia kwa muda, hapo sina malalamiko kabisa.

Sasa je, yanaponya? Siku ya nane macho yalikuwa safi na nikataka kumwambia kila mtu ayanunue. Ila jamaa wa Kariakoo tuliokuwa tunalala chumba kimoja nilimwambukiza, yeye hakuweka dawa yoyote, alikuwa anaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kuweka kitambaa cha baridi, na yeye akapona siku ya nane vilevile. Hapo ndo nikaanza kusoma. Macho mekundu ya kuambukizana mara nyingi yanaletwa na kirusi cha adeno, mwili unakimaliza wenyewe kwa wiki moja mpaka tatu hivi, kwa hiyo utakachoweka siku hizo, hata iwe nini, utaona kimekuponya. Ili ujue ukweli lazima ugawe wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa matone haya, wale matone mengine, halafu uhesabu siku. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walitafuta majaribio ya namna hiyo ya Yuxingcao kwa ugonjwa huu, ndani na nje ya China, hawakupata hata moja la kutegemea. Na hii dawa inatumika sana kule! Sio kwamba imethibitika haifai, ni kwamba haijapimwa inavyotakiwa, na kwa kitu watu wanachotia machoni hilo linaniuma.

Mtu asiniambie pia kwamba mmea hauna madhara. Sindano ya mmea huuhuu China iliisimamisha 2006 baada ya watu kupata mzio mkali na wengine kufa. Sindano sio matone, sawa, lakini ndo maana vipimo vinahitajika. Na tafadhali usichume majani ukakamua mwenyewe jichoni.

Nyota 3 kwa 5, zote za kutuliza, ya kuponya siwezi kuipa. Jicho likiuma kwelikweli, likiona ukungu au likishindwa kuvumilia mwanga, achana na kichupa, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Na taulo usichangie na mtu, mimi jamaa yangu nilimwambukiza hivyo.